Jinsi ya kuzipa astrosaiti pombe maabara bila ethanoli kukutoroka

Astrosaiti ndizo seli zinazozilisha na kuzilinda niuroni (seli za neva za ubongo). Ukitaka kujua pombe inazifanya nini, kumimina ethanoli, yaani pombe yenyewe, ni rahisi. Kazi ni kuibakiza. Ndani ya inkubeta ya nyuzi 37, sahani yenye kifuniko chake cha kawaida hupoteza sehemu kubwa ya ethanoli kama mvuke kwa siku moja tu. Daftari litasema milimola 50 kwa lita, seli zimepata pungufu.

Tumia ethanoli halisi ya maabara. Spiriti ya dukani haifai kabisa: huchanganywa na methanoli, nayo ni sumu kivyake. Mikrolita 29 katika mililita 10 za maji ya lishe (yale yanayokuza seli) hutoa milimola 50 kwa lita. Changanya pembeni kwenye chupa, igeuze mara kadhaa, ndipo ubadilishe maji ya seli. Ukidondosha juu yao moja kwa moja, zilizo chini ya tone huungua.

Milimola 50 ni sawa na miligramu 230 katika mililita 100 za damu, yaani ulevi mzito. Weka pia kundi la milimola 17, karibu na kikomo cha dereva wa Uingereza (miligramu 80). Milimola 100 inaweza kumuua mtu, kwa hiyo usiifanye dozi yako kuu.

Sasa sanduku. Tafuta la plastiki lenye mfuniko unaobana. Chini mimina maji yenye ethanoli ya kiwango kilekile cha sahani, kisha panga sahani juu ya kichanja, zisiguse maji. Mvuke wa chini hufidia unaopotea juu. Kabla ya kufunga, jaza hewa yenye 5% ya kaboni dioksidi, la sivyo maji ya lishe yatageuka waridi kali na pH itapanda. Sahani za ulinganisho zipewe sanduku lao lenye maji matupu. Zikikaa pamoja na nyingine zitalewa kwa mvuke wa jirani.

Badilisha maji yote kila baada ya saa 24. Kabla ya kumwaga ya zamani, pima ethanoli iliyobaki kwa kimeng'enya cha alkoholi dehidrojenasi, ukisoma kwenye nanomita 340.

Mwisho, mikroglia, seli za kinga za ubongo zinazojichanganya na astrosaiti. Hizi huitikia pombe kwa kutoa kemikali za uvimbe, na chache tu zikibaki, utazisingizia astrosaiti. Kabla ya kuanza jaribio, tikisa flaski ulimokuzia seli kwa saa kadhaa, takriban mizunguko 200 kwa dakika, mwaga zilizobanduka, kisha hakiki kwa kingamwili ya Iba1 (protini ya mikroglia) kando ya ile ya GFAP (protini ya astrosaiti).