Lifti ya Kuchangia na Kitanda cha Mgeni: Kuzunguka Ulaya kwa Pesa Kidogo

Ijumaa moja ya Novemba nilitakiwa nifike Paris haraka. Dada yangu alikuwa amejifungua, na tiketi ya treni ya kasi kutoka Köln, Ujerumani, ninakoishi, kwa kuwa niliitafuta siku moja kabla, ilikuwa imeuzidi mfuko wangu. Jirani yangu, Mkongo wa Bukavu, akaniambia, "Chukua lifti ya kuchangia, kaka." Kesho yake saa moja asubuhi nilikuwa kiti cha nyuma cha gari la mwalimu mmoja aliyekuwa anakwenda kwa mama yake, nimelipa yuro 31. Saa saba na dakika chache mchana nikashuka kituo cha metro cha Porte de la Chapelle. Jioni nimempakata mpwa wangu.

Tangu hapo nimesafiri hivyo Ubelgiji, Uholanzi, Ufaransa na pande zote za Ujerumani, na nimelala kwa watu nisiowajua wakanifungulia mlango. Naandika niliyojifunza kwa sababu maelekezo mengi yameandikwa kwa mtu mwenye pasipoti ya Ulaya. Sisi tuliotoka Afrika Mashariki tuna mambo yetu, na yakisahaulika safari inaharibika njiani.

Gari si daladala

Mtandao mkubwa wa lifti hizi ni BlaBlaCar, ulioanzia Ufaransa mwaka 2006. Dereva ana safari yake. Anatangaza viti vilivyobaki, anataja anapopitia na mchango wa kila abiria kwa ajili ya mafuta na ushuru wa barabara. Haruhusiwi kutengeneza faida, na hiyo ndiyo sababu bei inakuwa ndogo. Ndiyo sababu pia huwezi kumwambia akufikishe mlangoni. Mmekubaliana kituo fulani, shuka hapo na ushukuru.

Jina lenyewe limetokana na kiasi cha maongezi: mtu wa Bla moja ni mkimya, wa BlaBlaBla anaongea mpaka mwisho wa safari. Ukiwa umetoka zamu ya usiku, tafuta wa Bla moja. Kulala garini si kukosa adabu, mradi umesalimia na kujitambulisha kwanza.

Mizigo iandike mapema. Sisi tunajulikana kwa mabegi, na gari dogo lenye abiria wanne halina nafasi ya sanduku la kilo 23, sembuse mawili. Mimi huandika: "Nina begi moja la mgongoni na mfuko mdogo." Kama umetoka uwanja wa ndege na mizigo ya nyumbani, panda basi au treni tu. Na ule mfuko wa dagaa, tafadhali, uwe umefungwa mara tatu.

Jambo la saa limewakwamisha wengi wetu. Mdogo wangu alipokuja kusoma Leipzig, dereva alimwandikia kwa Kijerumani "halb acht". Yeye akaona nusu, akaona nane, akahesabu nane na nusu ya kizungu, akafika kituoni saa mbili na nusu asubuhi. Dereva alikuwa amemaanisha 7:30, yaani saa moja na nusu kwetu, na gari lilikuwa limeondoka saa nzima. Kwa hiyo andika tarakimu kila mara, 7:30 au 19:30, na umwombe dereva naye aandike hivyo. Na unapompa ndugu taarifa hiyo kwa Kiswahili usimwachie "saa nane" ikining'inia hewani, maana ataisikia kuwa ni mchana.

Kwa watu wa Pwani kuna suala la mbwa. Wenyeji wengi husafiri na mbwa wao, na kwenye gari dogo atakulalia miguuni. Ukurasa wa dereva mara nyingi unaonyesha kama ana mnyama au anavuta sigara, na kama hauonyeshi, uliza. Hakuna anayechukia swali hilo likija kabla ya safari. Likija mlango wa gari ukiwa umeshafunguliwa, hapo ndipo nyuso zinapokunjamana.

Malipo yapitie kwenye mtandao wenyewe, au mkononi mkishafika kama ndivyo utaratibu wa nchi hiyo ulivyo. Mtu akikutaka umtumie pesa pembeni ili akuwekee kiti, mwache.

Karatasi zako ni sehemu ya nauli

Hapa naomba tutulie kidogo, maana hapa ndipo niliumia.

Narudi kutoka Paris, safari ya tatu au ya nne, usiku, mvua. Tumevuka Ubelgiji, tunakaribia Aachen, askari wa mpakani wakatuashiria kwa tochi tuegeshe. Ujerumani imekuwa ikikagua mipaka yake yote ya nchi kavu tangu tarehe 16 Septemba 2024, kwa hiyo kusimamishwa si ajabu tena. Dereva na abiria wengine wawili walionyesha vitambulisho, dakika mbili wamemaliza. Mimi nilikuwa na kadi ya ukaazi peke yake. Pasipoti nilikuwa nimeiacha kwenye droo nyumbani, nikidhani kadi inatosha. Walinishusha, wakaandika, wakapiga simu. Dakika 40. Gari lilikuwa linanisubiri na injini imezimwa, vioo vimejaa mvuke. Hakuna aliyenigombeza, lakini binti mmoja alikuwa na treni ya kuunganisha Köln, na ilimpita. Nilimlipia chai kituoni na sikupata neno la kumwambia.

Basi: ukivuka mpaka beba pasipoti iliyo hai pamoja na kadi ya ukaazi, vyote viwili, hata kama barabarani huoni kizuizi. Kibali cha ukaazi cha nchi moja ya Schengen, yaani nchi za Ulaya zenye utaratibu mmoja wa viza, kinakuruhusu kutembelea nyingine hadi siku 90 ndani ya kila siku 180, kutembea, si kufanya kazi. Hakikufikishi Uingereza wala Ireland. Huko pasipoti ya Tanzania au ya Kenya inahitaji viza yake, na lifti inayopitia Calais kwenda London haibadilishi hilo.

Ndugu zangu waombaji hifadhi, msivuke. Mwenye Duldung, karatasi ya Ujerumani ya kuahirishiwa kufukuzwa nchini, ajue kwamba karatasi hiyo hufa pale anapotoka Ujerumani. Nimeshuhudia kijana mwema akishawishiwa na marafiki waende Amsterdam mara moja kwa wikendi, na miaka yake ya kusubiri ikaingia hatarini. Ndani ya nchi nako, soma kama karatasi yako inakufunga kwenye mji au jimbo fulani kabla hujakata kiti.

Na kama unamwalika mama au rafiki kutoka nyumbani kwa viza, usitegemee ujumbe wa mwenyeji wa mtandaoni kuwa ushahidi wa malazi ubalozini. Huko wanataka uthibitisho wa nafasi ya hoteli au mwaliko rasmi.

Kupiga hodi kwa usiyemjua

Kukaribisha wageni bila malipo ni desturi yenye mizizi hata huku. Mtandao wa Servas ulianzishwa Denmark mwaka 1949, Vita vya Pili vya Dunia vimekwisha, kwa imani kwamba watu wakilala chini ya paa moja watasitasita kupigana. Mwanachama hufanyiwa mahojiano kwanza, kisha anapewa barua ya utambulisho. Anayetoka Tanzania ataielewa upesi: ni kama ile unayochukua kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Couchsurfing ilikuja 2004 na ndiyo maarufu zaidi, ila tangu 2020 inatoza ada katika nchi nyingi. BeWelcome na Trustroots ni za bure, zinaendeshwa na watu wa kujitolea. Waendesha baiskeli wana Warm Showers yao. Mimi naipenda BeWelcome. Wenyeji wake hawajibu haraka, lakini wakijibu wamekusoma.

Barua ya kuomba ndiyo kila kitu. Ujumbe mmoja uliotumwa kwa watu ishirini unajulikana kwa mstari wa kwanza. Hii hapa niliyomwandikia mwenyeji wa Lyon, nimeirudisha kwa Kiswahili:

"Habari. Mimi ni fundi umeme, mzaliwa wa Tanga, naishi Köln. Nitafika Alhamisi 18:40 kwa lifti na kuondoka Jumamosi asubuhi. Nimesoma kwamba unalima nyanya kwenye roshani. Bibi yangu alikuwa na matuta ya mchicha, ningependa kuziona zako. Ninaswali, nahitaji pembe ndogo tu ya chumba. Sinywi pombe, lakini wewe kunywa hakunisumbui. Ukinikubali nitapika pilau Ijumaa."

Ameshajua mimi ni nani, nakuja lini, naondoka lini, na nini asinipe. Siku mbili zinatosha. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na wenyeji wa huku wana hesabu hiyohiyo bila kuisema.

Niseme na hili: mwanzoni nilituma maombi tisa, nikapata "ndiyo" moja. Wengine hawakujibu kabisa, na sitajifanya kwamba jina na sura havikuhusika. Kilichobadilisha ni maoni, yale ambayo wageni na wenyeji huandikiana mtandaoni. Nilianza kwa kuwapokea wageni mimi, kwenye kochi langu Köln. Wanafunzi wawili wa Kipolandi wakaniandikia maneno mazuri, kisha familia moja kutoka Ghent, na baada ya hapo milango ikafunguka. Kama unaishi chumba cha kupanga kisichoruhusu wageni, mpokee mtu kwa kahawa na umtembeze mjini, nayo inaandikwa.

Ndani ya nyumba ya watu, uliza kabla ya kufanya. Viatu vinavuliwa? Taka zinagawanywaje? Ujerumani kelele zinakoma saa nne usiku. Chooni hakuna maji ya kujisafishia. Mimi husafiri na chupa ndogo tupu na sisemi chochote. Ukipika pilau, fungua madirisha kabla vitunguu havijaanza kukaangwa hadi kuwa kahawia, maana king'ora cha moshi dari­ni kitaamsha jengo zima. Iliki, karafuu, mdalasini na bizari nzima beba zako kwenye karatasi. Nyama na mchele utapata huko. Zawadi isiwe kubwa. Pakiti ya kahawa ya Kilimanjaro inatosha sana.

Usalama nao. Mtumie ndugu jina la mwenyeji, anwani, na namba ya gari ulilopanda. Soma zaidi maoni mabaya kuliko mazuri. Mke wangu hulala kwa wanawake au familia tu, tena wenye maoni yaliyoandikwa na wageni wanawake, na naona ana haki. Siku zote weka akiba ya hosteli ya usiku mmoja, ili kitu kikikuchefua uweze kusema "asante, naondoka" na kuondoka kweli. Namba ya dharura kote Umoja wa Ulaya ni 112.

Ukiondoka, kunja mashuka, osha kikombe chako, na uandike maoni siku hiyohiyo ukiwa bado garini. Taja jambo moja ulilofanyiwa: ile supu, zile nyanya, ule ufunguo alioacha chini ya chungu cha maua.