Kuhama Nairobi kwenda Tanzania au Uganda: hati za kushughulikia kabla ya safari

Anayehama Nairobi kwenda kuishi Arusha, Mwanza au Kampala huambiwa mara nyingi kwamba sisi sote ni Waafrika Mashariki na kwamba mipaka imefunguliwa. Maneno hayo yana ukweli, kwa kuwa Itifaki ya Soko la Pamoja ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, inamwezesha raia wa nchi mwanachama kuingia katika nchi nyingine mwanachama bila viza. Hata hivyo, ruhusa ya kuingia haimpi mtu ruhusa ya kukaa bila kikomo, na ruhusa ya kukaa haimruhusu kufanya kazi. Kila ruhusa ina hati yake na masharti yake, na sehemu kubwa ya maandalizi hukamilishwa kwa urahisi zaidi ukiwa bado nyumbani.

Anza na majina. Kabla ya kuomba hati yoyote mpya, tandaza mezani cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha taifa, pasipoti, vyeti vya masomo na cheti cha ndoa ikiwa unacho, kisha usome jina lako herufi kwa herufi katika kila karatasi. Wakenya wengi wana majina mawili kwenye cheti kimoja na matatu kwenye kingine, au jina la ubatizo lililoandikwa shuleni ambalo halimo katika kitambulisho. Karani wa Nairobi anaweza kukubali kwamba Wanjiru na Wanjiro ni mtu mmoja, lakini afisa wa uhamiaji wa Dodoma halazimiki kukubali, wala hana njia ya kujua. Tofauti ndogo ya tahajia kwa kawaida huelezwa kwa hati ya kiapo iliyotiwa saini mbele ya kamishna wa viapo. Jina lililobadilika kabisa linahitaji hati rasmi ya kubadili jina, ambayo husajiliwa na kutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na baada ya hapo kitambulisho na pasipoti navyo hurekebishwa. Kazi hii inachosha, nami naiona kuwa muhimu kuliko nyingine zote, kwa sababu kosa linalobebwa kuvuka mpaka hunakiliwa katika kila kibali utakachopewa huko.

Kuhusu hati ya kusafiria, Kenya, Uganda na Rwanda zimewaruhusu raia wao kuvuka kwa kitambulisho cha taifa tangu mwaka 2014. Tanzania haikujiunga na mpango huo, kwa hiyo anayekwenda huko anahitaji pasipoti au hati ya muda ya kusafiria. Ushauri wangu ni kwamba yeyote anayehama, hata anayekwenda Kampala, achukue pasipoti, kwa sababu kitambulisho kinamfaa msafiri wa siku chache kuliko mtu atakayeomba kibali, kufungua akaunti ya benki na kupangisha nyumba. Maombi hufanywa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, na baadaye mwombaji hufika mwenyewe Nyayo House au katika ofisi nyingine ya uhamiaji ili apigwe picha na kuchukuliwa alama za vidole. Mwenye pasipoti inayokaribia kuisha muda na aifanye upya kwanza. Ni vyema pia kuomba mapema cheti cha polisi cha mwenendo mwema kutoka Idara ya Upelelezi wa Jinai, kwa kuwa nacho kinahitaji alama za vidole na ni vigumu zaidi kukipata ukiwa nje ya nchi. Usisahau cheti cha chanjo ya homa ya manjano; chanjo hiyo ichomwe angalau siku kumi kabla ya safari, na tangu Julai 2016 cheti chake hudumu maisha yote ya mwenye nacho.

Mpakani, sharti ambalo halina mbadala ni kugongewa muhuri. Katika vituo vya pamoja kama Namanga, Taveta na Busia, maafisa wa nchi zote mbili hukaa katika jengo moja, hivyo unagongewa muhuri wa kutoka na wa kuingia mahali pamoja. Anayepita njia za panya, au anayemwachia wakala pasipoti na pesa ili "amalizane nao", hupoteza kitu ambacho hakinunuliki baadaye, yaani ushahidi wa tarehe aliyoingia kihalali. Bila ushahidi huo, atakapoomba kibali atakuwa anajishtaki mwenyewe. Ukishagongewa, usiondoke dirishani kabla ya kusoma siku ulizopewa. Kanuni za Jumuiya zinaruhusu mgeni kukaa hadi miezi sita, lakini zinazokuhusu wewe ni siku zilizoandikwa kwenye pasipoti yako, na maombi ya kuongezewa muda hupelekwa kabla hazijaisha.

Kazi ndiyo inayoleta matatizo makubwa. Kwa kanuni za Itifaki, mfanyakazi aliyepata mkataba wa zaidi ya siku 90 huomba kibali cha kazi ndani ya siku 15 za kazi tangu mkataba ukamilike. Tanzania Bara ina hatua mbili ambazo wengi huzichanganya. Chini ya sheria ya mwaka 2015 ya kuratibu ajira za wageni, kibali cha kazi hutolewa na Kamishna wa Kazi, na mwajiri ndiye anayekiombea. Kibali cha ukaazi hutolewa na Idara ya Uhamiaji: daraja A kwa wawekezaji na waliojiajiri, daraja B kwa waajiriwa, na daraja C kwa makundi mengine kama wanafunzi na watafiti. Mwajiri anayekuambia uanze kazi huku "karatasi zinafuata" anakuwekea mzigo wa kosa ambalo nawe utawajibika kwalo, kwa hiyo omba kuiona stakabadhi ya maombi kabla hujahama.

Anayekusudia kufungua biashara ndogo aangalie zaidi. Mwezi Julai 2025 serikali ya Tanzania ilitoa amri inayowazuia wasio raia kufanya biashara 15, miongoni mwake uwakala wa pesa kwa simu, ukarabati wa simu, saluni zisizo ndani ya hoteli, uongozaji watalii na ununuzi wa mazao shambani. Kwa Mkenya aliyetegemea kufungua saluni Arusha, kibali cha ukaazi pekee hakitamsaidia. Uganda ni nafuu kiasi: kibali bado kinahitajika, lakini nchi hiyo na Kenya zimeondoleana ada zake.

Mwenzi wa ndoa na watoto huombewa hati ya mtegemezi, ambayo yenyewe haimruhusu mwenye nayo kuajiriwa. Mtoto anayesafiri na mzazi mmoja abebe cheti chake cha kuzaliwa na barua ya ridhaa ya mzazi wa pili, iliyothibitishwa na wakili. Mtoto atakayezaliwa huko ni Mkenya wa kuzaliwa ikiwa mama au baba yake ni raia wa Kenya, kwa mujibu wa Ibara ya 14 ya Katiba ya 2010. Pata kwanza cheti cha kuzaliwa cha nchi mliyomo, kisha ukipeleke katika ubalozi wa Kenya ili uzazi huo usajiliwe mapema.

Baada ya miaka mingi, wengine hufikiria kuomba uraia. Kenya na Uganda huruhusu uraia pacha, na Mkenya anayepata uraia wa pili hutakiwa kuiarifu serikali ya Kenya ndani ya miezi mitatu. Tanzania hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima, hivyo anayeomba uraia wake ataukana wa Kenya. Katiba yetu inamruhusu Mkenya wa kuzaliwa aliyeupoteza uraia kuomba arejeshewe, lakini mwenye shamba au urithi hapa nyumbani na azungumze na wakili kabla ya kutia saini hati ya kuukana.