Chin chin za Nigeria: zikauke, zisiwe mawe

Chin chin ndo vile vipande vidogo vya unga wa kukaanga ambavyo Nigeria huwezi kuvikosa kwenye harusi wala Krismasi, na Lagos vinauzwa mpaka barabarani kwenye vifuko vya nailoni. Ghana nao wanazo, wanaziita achomo. Kuzipika sio ishu, ishu ni zikauke vizuri na hapo ndo wengi wanachemka.

Vitu vyenyewe: unga wa ngano gramu 500, siagi gramu 100, sukari gramu 100, yai 1, maziwa kama mililita 120, kungumanga nusu kijiko cha chai na chumvi kidogo. Sukari usizidishe, itababua nje wakati ndani bado. Hamira hamna, ukitia hamira ujue unaelekea kwenye puff-puff, yale maandazi ya mviringo ya Nigeria, hiyo ni habari nyingine.

Changanya vikavu kwanza, alafu weka siagi ya baridi uifikiche kwenye unga kwa ncha za vidole mpaka iwe chenga chenga. Hapa usiwe na haraka kabisa, siagi ikienea vizuri ndo chin chin inakatika kirahisi ukitafuna, ukiparua parua tu utapata kitu cha kuvunja meno. Piga yai na maziwa, mimina kidogo kidogo, usimwage yote maana unga unatofautiana. Donge liwe gumu kiasi, lisigande mikononi, likiwa laini sana zitakunywa mafuta. Likishikana basi, acha kukanda, funika dakika 15.

Sukuma unene wa nusu sentimita hivi, kata mistari kwa kisu alafu kata tena kukatiza upate vijiboksi. Wapo wanaopenda kubwa kubwa ila mi naona ndogo ndo zinakauka mpaka ndani. Nyunyizia unga zisishikane, LAKINI kabla ya kukaanga zitie kwenye chekecheo utikise unga wote udondoke, ule unga ukiingia kwenye karai unazama unaungua, mafuta yanakuwa meusi, povu nalo linapanda we unahangaika na jiko.

Mafuta yawe mengi, moto wa kati, kama una kipima joto iwe nyuzi 170 hivi. Huna? Dondosha kipande kimoja, kikizama kisha kikapanda taratibu na viputo pembeni uko sawa, kikiibuka papo hapo na kubadilika rangi punguza moto, kikilala tu chini subiri. Usijaze karai, na koroga muda wote zisiive upande mmoja.

Toa zikiwa rangi ya dhahabu iliyofifia, usingoje kahawia maana zinaendelea kukolea hata zikishatoka. Ukibonyeza moja utaona bado laini, usishtuke ukazirudisha kwenye mafuta, zinakauka zikipoa. Tandaza kwenye trei yenye karatasi, usirundike, na usifunge kwenye chombo zikiwa na joto hata kidogo, mvuke utazilainisha zote. Zikipoa kabisa tia kwenye kopo la mfuniko wa kubana, wiki mbili zinakaa bila shida. Zikianza kulegea zipitishe kwenye oveni nyuzi 150 dakika kama 10, ziache zipoe, zitarudi.