Mauzo ya usiku yanapoangukia ripoti ya jana

Mteja wa Sinza analipia oda saa 7 usiku wa kuamkia tarehe 5 Machi. Ripoti inamweka tarehe 4. Ukijaribu mchana, kila kitu kiko sawa, kwa sababu kosa linagusa tarehe za miamala ya kuanzia saa 6 hadi saa 9 usiku tu. Seva inahesabu kwa UTC (saa ya pamoja ya dunia), na Dar es Salaam iko mbele kwa saa 3, mwaka mzima.

Kabla ya kugusa msimbo, pima. Ingiza muamala mmoja sasa hivi, kisha linganisha sehemu tatu. Kwenye seva andika `date`. Kwenye hifadhidata ya MySQL andika `SELECT NOW(), @@session.time_zone;`. Kwenye konsoli ya kivinjari andika `new Date().getTimezoneOffset()`, kompyuta iliyosetiwa saa za Dar hujibu -180, yaani dakika 180.

Muda ukionekana nyuma kwa saa 3, haujageuzwa. Ukiwa mbele kwa saa 3, umegeuzwa mara mbili: mara nyingi fremuweki (mfumo uliojengea programu yako) imeshawekewa `Africa/Dar_es_Salaam`, halafu kuna mtu ameongeza saa 3 kwa mkono kwenye ukurasa. Futa hiyo ya mkono.

Usikimbilie kubadili saa ya seva. Safu ya aina ya `DATETIME` huhifadhi ulichoandika bila kukigeuza, kwa hiyo rekodi za zamani zitabaki kwenye UTC na mpya zitakuwa za Dar, zote ndani ya jedwali moja. Kuzitenganisha baadaye ni kazi ya kuumiza kichwa. Kama imeshatokea, chukua nakala rudufu kwanza, tafuta `id` ya rekodi ya kwanza baada ya badiliko, rudisha seva kwenye UTC, kisha punguza saa 3 kwa rekodi zilizoingia katikati tu. Chagua kwa `id`, si kwa muda, maana muda ndio ulioharibika.

Hifadhi kwa UTC, geuza wakati wa kuonyesha. Ripoti ya tarehe 5 Machi 2025 iulize hivi (`created_at` ni safu ya muda wa muamala):

`WHERE created_at >= '2025-03-04 21:00:00' AND created_at < '2025-03-05 21:00:00'`

Usiifunge safu ndani ya `DATE()`. Mbali na kurudisha siku ya UTC, inainyima hifadhidata nafasi ya kutumia faharasa (index) ya safu hiyo, na jedwali likishakuwa kubwa ripoti inakuwa nzito.

JavaScript nayo ina mtego wake. Hapa Dar, `new Date(2025, 2, 5).toISOString().slice(0, 10)` (miezi huanzia 0, hivyo 2 ni Machi) inatoa 2025-03-04, kwa sababu usiku wa manane wetu ni saa 21:00 ya jana yake kwa UTC. Kisanduku cha tarehe kwenye fomu, `type="date"`, tayari kinatoa maandishi 2025-03-05; yatume yalivyo.

Kazi za kroni (zinazojiendesha kwa ratiba): `0 0 * * *` kwenye seva ya UTC huanza saa 9 usiku. Ukitaka saa 6 usiku, andika `0 21 * * *`.

Muda ukipishana kwa saa 6 kamili, usihangaike na seva. Mtumiaji ameandika "2:00" akimaanisha saa 2 asubuhi, na mfumo umesoma saa 8 usiku. Yuko sahihi, fomu ndiyo yenye kasoro. Mwekee orodha ya kuchagua iliyoandikwa "saa 2 asubuhi", "saa 8 mchana", na nyuma yake ihifadhi 08:00 na 14:00.