Namna ya Kuijaribu Programu ya Biashara Yako Mbele ya Wateja Watano

Mfanyabiashara wa Mbeya au Iringa anayetaka kuuza kwa njia ya simu kwa kawaida humlipa fundi wa programu, huikagua kazi akiwa ofisini kwake, huridhika na rangi na picha, kisha huanza kuitangaza. Hatua anayoiruka ni ile ya kuketi kando ya mteja na kumtazama akiitumia. Mwongozo huu unahusu hatua hiyo peke yake, kwa sababu naamini ndiyo inayorudisha fedha mapema kuliko nyingine zote katika usanifu wa uzoefu wa mtumiaji, yaani kazi ya kupanga maneno, vitufe na mfuatano wa hatua ili mtu amalize alichokusudia bila kukwama.

Anza kwa kuandika kazi moja kwenye karatasi, kwa lugha ya mteja na si ya skrini. Kwa muuza mchele wa Mwanjelwa inaweza kuwa hivi: "Nunua mchele wa Kyela, uletewe Uyole kesho asubuhi, ulipe kwa simu." Usitumie neno lolote lililoandikwa kwenye kitufe, maana mteja atalitafuta neno hilo na kulibonyeza, nawe hutajifunza lolote.

Kisha tafuta watu watano. Jakob Nielsen, mtaalamu wa fani hii, aliandika mwaka 2000 kwamba watumiaji watano hufichua takriban asilimia 85 ya matatizo ya matumizi, ingawa hesabu hiyo inafaa pale watumiaji wanapofanana. Ikiwa unawauzia mama lishe na pia wenye maduka ya jumla, chukua watu watatu au wanne kutoka kila kundi. Usiwachukue ndugu zako wala rafiki za fundi. Nenda walipo, sokoni au stendi, nao watumie simu zao wenyewe na bando lao, kwenye jua lile lile linalofifisha skrini, kwa kuwa simu mpya ya fundi huficha mengi.

Uendeshaji wa jaribio lenyewe unahitaji uangalifu zaidi. Msalimie mteja ipasavyo, mweleze kwamba kinachopimwa ni programu na si yeye, na umwombe aseme kwa sauti anachokifikiria. Usimuulize kama programu ni nzuri. Kwetu mtu mzima hapendi kumwaibisha aliyemkaribisha, hivyo atakujibu "Nzuri tu, mwanangu" hata kama alikwama mara tatu. Kitazame kidole chake: kinasita wapi, kinarudi nyuma wapi, kinabonyeza nini mara mbili. Anapokwama, nyamaza. Hilo ndilo gumu kuliko yote, hasa kwa fundi aliyeitengeneza programu, na ndiyo sababu mimi humwomba fundi aandike tu na kazi ya kuongea aniachie mimi.

Katika jaribio moja la namna hiyo, mama lishe mmoja alifika kwenye nafasi iliyoandikwa "Kiasi". Aliandika 50000. Alikuwa na maana ya mchele wa shilingi 50,000, kama anavyoandika kila siku anapotuma fedha kwa simu, lakini programu ilielewa kilo. Likaja jibu la maneno mekundu: "Kiasi kimezidi akiba." Aliliangalia kwa muda, akaiweka simu mezani na kusema, "Mchele umeisha, basi." Ghala la mfanyabiashara lilikuwa limejaa. Mteja wa pili alipita hapo salama, lakini akakwama kwenye muda wa kuletewa mzigo: alitaka saa mbili asubuhi, akachagua 02:00, ambayo kwa programu ni usiku wa manane, wakati 08:00 iliyokuwa sahihi yeye aliisoma saa nane mchana. Hakuna kati yao aliyekosea. Maneno na saa za Kiswahili ni zao. Programu ndiyo iliyofuata hesabu ya kigeni.

Marekebisho yalikuwa madogo. "Kiasi" ikawa "Unataka kilo ngapi?", na chini yake jumla ya shilingi ikawa inajihesabu papo hapo. Saa zikageuka kuwa "Kesho asubuhi, saa 2 hadi saa 4".

Ili kuona kama jaribio hili linalipa, fanya hesabu kwa takwimu za biashara yako. Mwombe fundi idadi ya walioanza kuagiza na ya waliomaliza. Tuseme kwa mwezi wameanza 100 na wamemaliza 40, na kila oda ni wastani wa shilingi 60,000. Ukiwarudisha 15 tu kati ya 60 walioishia njiani, mauzo yanaongezeka kwa shilingi 900,000. Kama faida ni asilimia 10, hiyo ni shilingi 90,000 kila mwezi. Linganisha na gharama ya jaribio, ambayo ni asubuhi moja ya kazi na kilo mbili za mchele za kumshukuru kila mshiriki. Ongeza pia vitu visivyoonekana kwenye takwimu hizo, kama simu za wateja wanaouliza jambo lile lile na safari za bodaboda zilizopeleka mzigo saa isiyo yake.

Baada ya kurekebisha, rudia jaribio kwa watu wengine watano, si wale wale, kwa kuwa wa kwanza wameshaizoea njia. Rekebisha kwanza kinachomzuia mtu kumaliza oda, ndipo uguse rangi na picha. Fanya hivyo tena kila unapoongeza bidhaa au njia ya malipo, na kwa muuza mchele, wiki chache kabla ya mavuno, wakati bado kuna nafasi ya kurekebisha kabla oda hazijaanza kumiminika.