Gari limeanza kula mafuta ghafla? Tazama geji ya joto

Kwanza hakikisha kweli linakula. Jaza tangi pomoni, andika kilomita, endesha kama kawaida, jaza tena pomoni, kisha gawa kilomita ulizotembea kwa lita ulizoongeza. Usitegemee mshale wa mafuta.

Halafu tazama geji ya joto. Ikibaki chini hata baada ya mwendo mrefu, shuku thamostati, ile vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto: imekwama wazi, au fundi aliing'oa ili gari lisichemshe, jambo ambalo kwetu ni la kawaida mno na linaniuma. Injini ikiwa baridi, kompyuta hudhani ndiyo kwanza umewasha gari, hivyo huendelea kuongeza mafuta. Rudisha thamostati. Kama gari lilikuwa linachemsha, ugonjwa utafute kwenye rejeta, feni au maji yanayovuja.

Joto liko sawa? Ukisimama baada ya safari, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Moja ikiwa ya moto kuliko ya upande wa pili, breki inashika, na gari linavuta kwa nguvu zaidi. Upepo mdogo nao hula mafuta: upime asubuhi, matairi yakiwa baridi. Na taa ya injini ikiwaka, gari lipimwe kwa mashine kabla hujanunua kifaa chochote. Huenda ikawa sensa ya oksijeni, ile inayopima oksijeni kwenye moshi ili kompyuta ijue kiasi cha mafuta ya kutia.