Jiwe la asili la kunolea wembe wa kukunja: namna ya kulichagua na kulipima kabla ya kuliamini

Mwongozo huu ni wa anayetafuta jiwe la mwisho, lile la kumalizia makali, kwa wembe wa kukunja anaojinyolea mwenyewe. Kwa wateja wa barazani usiutumie kabisa. Wembe huu hausafishiki vya kutosha baina ya kidevu na kidevu, na homa ya ini aina ya B haihitaji damu nyingi kupita. Huko vunja wembe wa dukani nusu, nyoa, tupa.

Nachukulia unajua kuulaza wembe: mgongo na makali vyote viwili juu ya jiwe, makali yatangulie, kugeuza kwa mgongo.

Hatua ya 1: Ondoa mawe ya hapa kwenye hesabu

Swali halikosekani: Unguja nzima ni mawe, hata moja halifai? Halifai. Jiwe letu ni la matumbawe, yaani chokaa. Katika kipimo cha ugumu cha Mohs chokaa iko 3, na chuma cha wembe kilichopikwa kiko juu ya 6. Laini haliwezi kulikata gumu, hata ukisugua kutwa. Panga linavumilia kila kitu, wembe hauvumilii.

Ukiletewa jiwe usilolijua, likwangue kidogo kwa ncha ya kisu upate unga, kamulia tone la ndimu juu ya unga huo, kisha sogeza sikio. Likitoa povu na kuchachatika, ni chokaa, mrudishie mwenyewe. Likinyamaza, endelea nalo. Suuza ndimu mara moja. Povu ni dogo, usitegemee kuliona kwenye uso mkavu uliong'aa. Ndiyo maana ya kukwangua kwanza.

Hatua ya 2: Jua ni jiwe gani unanunua

Mawe ya asili yanayofaa wembe ni machache, na yote hutoka mbali.

La manjano la Ubelgiji, coticule, hutoka Ardennes, pande za Vielsalm. Kinachokata ndani yake ni ganeti, vijipunje vigumu sana vilivyolala kwenye udongo laini uliogeuka mwamba. Ukilisugua kwa kijiwe chake na maji, linatoa uji mweupe kama maziwa na linakata haraka; ukiuosha uji ukabaki na maji matupu, linapungua ukali na kung'arisha. Jiwe moja, kazi mbili. Kwa anayeanza mimi nasema hili, na sibadilishi neno. Mara nyingi huwa limegandishwa kwa gundi juu ya kibao cha jiwe jingine, au limeungana kiasili na jiwe la buluu. Lile la buluu nalo ni kinoo, ila lina ganeti chache.

La Arkansas, Marekani, hutoka milima ya Ouachita. Ni novakulaiti, karibu lote ni kwazi, madini yale yale magumu ya mchanga mweupe. Kuna laini, gumu, jeusi, na linalopitisha mwanga. Kwa wembe chukua mawili ya mwisho tu. Washa tochi ya simu, ibane ukingoni mwa jiwe: linalopitisha mwanga litawaka kwa ndani kama kaa. Ni jiwe la polepole, linataka mafuta mepesi au maji ya sabuni.

La Thuringia, Ujerumani, ni sleti, ndugu wa vibao vya kuandikia vya skuli za zamani. Tamu mkononi, lakini zaidi linapatikana la mitumba, na huvunjika likianguka.

Ya Japani, ya milima ya Kyoto, ni mazuri na ni ghali. Hutofautiana jiwe na jiwe hata yakitoka shimo moja, kwa hiyo kulinunua bila kulishika mkononi ni kamari. Asiyeweza kulijaribu aliache.

La Guangxi, Uchina, ndilo la bei nafuu, sleti nyeusi ya kijivu, huuzwa kwa namba 12,000, yaani kipimo cha ulaini wa chembe. Mwamba hauna namba. Namba ni ya mawe ya kiwandani, yenye chembe zilizochekechwa; ukiiona juu ya jiwe la mlimani, imeandikwa na muuzaji. Hata hivyo ukipata zuri linanoa, ila jiandae kuupitisha wembe juu yake mapito mia na zaidi.

Wa mitumba tahadhari. Mafundi wa milango ya nakshi huwa na mawe ya mafuta ya kunolea patasi na bobari, na maduka ya vitu vya kale Mji Mkongwe huyapata. Mengi ni ya kiwandani. La rangi ya chungwa iliyokoza kahawia, au la kijivu lenye upande mkali na upande mlaini, si la asili na ni kali mno kwa wembe.

Hatua ya 3: Dukani, kabla ya kutoa pesa

Ukubwa: urefu milimita 150 na upana 40 vinatosha. Usilipie zaidi kwa upana.

Tia tone moja la maji juu yake. Likikaa limevimba dakika kadhaa, jiwe limeshikana. Likinywewa papo hapo, lina matundu, liache.

Kwa Arkansas tumia mizani ya sonara. Pima jiwe kavu, kisha lifunge uzi lipime likining'inia ndani ya maji. Gawa uzito mkavu kwa tofauti ya vipimo viwili. Mfano: gramu 300 kavu, gramu 180 majini, tofauti 120, jibu 2.5. Hapo na kupanda ndiko mawe ya wembe yaliko, likija 2.2 au 2.3, ni laini, la visu. Jiwe lililoshiba mafuta ya zamani hudanganya mizani, lioshe kwanza kwa mafuta ya taa kisha sabuni ya vyombo.

Hatua ya 4: Lisawazishe

Kioo cha unene wa milimita 6 au zaidi, msasa wa maji ule mweusi, mistari ya kalamu ya risasi juu ya jiwe, sugua hadi mistari yote ifutike. Namba 220, 400, 600, 1000. Chonga kona zote nne upana wa milimita moja. Arkansas inakula misasa mingi na saa mbili tatu. Ishie 600, halafu isugue kwa mgongo wa patasi bapa mpaka uso ulale.

Hatua ya 5: Tafuta chembe kaidi

Hapa ndipo muda wa watu unapopotea, na jiwe zuri linapotupwa kwa kosa lisilo lake.

Jiwe la asili halikuchekechwa. Laweza kuwa laini kote, halafu likaficha punje moja ngumu inayochora mstari kwenye shavu la makali, yaani ubavu mwembamba ulionolewa karibu na ukingo, au kung'oa kipande ukingoni. Dalili ya kwanza ni sauti: badala ya "shaa" iliyonyooka unasikia "krr" ndogo, mahali pale pale kila pito. Ya pili unaiona kwa kioo cha sonara cha kukuza mara 10. Usimulike kwa mbele, mwanga wa mbele huficha. Laza tochi ubavuni, ugeuze wembe polepole mpaka shavu liwake, ndipo mstari uliozama utakapojitokeza kati ya wenziwe.

Umeuona. Bado usililaumu jiwe. Washukiwa ni wanne, na jiwe ni wa mwisho.

Wa kwanza ni mabaki ya msasa wako mwenyewe. Msasa ule mweusi ni mgumu kuliko kitu chochote kilichomo ndani ya jiwe, na punje zake hujificha kwenye kona usizozichonga, kwenye nyufa, na kwenye kitambaa. Mwaga maji, badilisha beseni na kitambaa, sugua jiwe kwa mswaki chini ya maji yanayotiririka, pande zote sita. Pande zote sita, narudia, kwa sababu uchafu wa ubavuni hupanda juu na maji. Kesi nyingi huishia hapa.

Wa pili ni mikwaruzo ya jiwe lililotangulia. Ulitoka namba 1000 ukaondoka mapema, na sasa unaiona mistari yake ukidhani ni mipya. Kuitambua ni rahisi: badilisha mwelekeo wa pito. Kama ulikuwa unavuta kwa mshazari wa kulia, vuta wima mapito 20. Mistari iliyobaki na mshazari wa zamani ni ya zamani. Inayofuata mwelekeo mpya ndiyo ya jiwe hili.

Wa tatu ni kijiwe cha kutolea uji. Ukisugua jiwe jema kwa kijiwe kibaya, uji unakuwa wa kijiwe. Noa bila uji, kwa maji tu. Mstari ukikoma, umeshampata. Vumbi la nje nalo lihesabu hapa: mchanga wa ujenzi una kwazi, na upepo wa kaskazi haubishi hodi. Usinolee barazani.

Wa nne, jiwe lenyewe. Weka wembe wako pembeni, tumia wembe chakavu au mgongo wa patasi uliong'arishwa. Gawa jiwe mafungu matatu kwa kalamu ya risasi. Piga mapito 10 fungu la kwanza tu, futa, tazama. Halafu la pili, halafu la tatu. Fungu lenye hatia ligawe tena mara tatu. Kwa raundi mbili tatu utakuwa na eneo la ukubwa wa ukucha. Pitisha ukucha mkavu juu yake: ukinasa, punje iko pale. Ikiwa ni nukta moja, ichokonoe kwa sindano, kishimo kidogo hakidhuru wembe. Ikiwa ni mshipa unaokwenda urefu wote wa jiwe, pindua utumie upande wa pili, nao uupime vile vile. Pande zote mbili zikiwa na mshipa mkali, rudisha jiwe.

Mishipa yenye rangi si yote mibaya. Mistari myekundu au myeusi ndani ya coticule mara nyingi ni pambo tu. Ukucha usiponasa na kioo kisipoonyesha mstari baada ya mapito 50, iache ilivyo.

Kosa linalokula saa ni hili: mtu anaona mkwaruzo, anakimbilia jiwe laini zaidi kuufuta, unafutika, anarudi kwenye jiwe lile lile kumalizia, mkwaruzo unarudi. Anafanya hivyo mpaka magharibi. Mkwaruzo ukirudi, acha kunoa, anza kuchunguza. Na kila ukilisawazisha jiwe kwa kina, limefungua tabaka jipya, kwa hiyo hatua hii irudie.

Hatua ya 6: Lijaribu kwa wembe unaoujua

Jiwe la kumalizia halitengenezi makali yasiyokuwepo. Anza na wembe uliokwisha shika makali kwenye jiwe la kiwandani la namba 1000. Kipimo ni tungule lililoiva: laza wembe juu ya ganda, uvute kwa uzito wake tu. Ganda likipasuka bila kubonyea, endelea. Likibonyea kwanza, rudi 1000, huna unachokipima bado.

Kwa coticule, toa uji mzito wa maziwa, mapito 20, ongeza tone la maji kwa kidole, mapito 20 tena, hivyo hivyo mara sita au saba hadi yabaki maji matupu, halafu mapito 40 ya mwisho. Usikae kwenye uji mzito ukitarajia makali: vijipunje vinavyoelea hugonga ukingo na kuutia ubutu. Kwa Arkansas, mapito 80 hadi 100. Kidole kisibonyeze, uzito wa wembe unatosha.

Mkanda wa ngozi mara 50, kisha jaribu malaika ya mkono, wembe ukiwa umeinuliwa kidogo juu ya ngozi. Ikidondoka bila kuvutwa, nyoa nusu ya uso. Jiwe linalotoa makali yanayonyoa lakini yanaacha ngozi ikiwaka ni kali mno kumalizia. Mng'ao wa shavu la makali usikudanganye, kuna mawe yanang'arisha kama kioo na hayanoi. Likigoma kabisa baada ya mapito 150, uso wake umeziba: uamshe kwa msasa wa 1000 uliochakaa, ujaribu mara moja zaidi kabla ya kulihukumu.

Hatua ya 7: Maji na kutu

Maji ya visima vya karibu na pwani yana chumvi, na chumvi ikikaa ukingoni usiku mmoja asubuhi unakuta madoa. Nolea kwa maji ya mvua au ya mferejini. Futa wembe kwa kuvuta kitambaa kutoka mgongoni kuelekea makali, kamwe si kinyume, halafu tone la mafuta ya cherehani.

Wajapani huita mafuta ya panga zao choji, neno lao la karafuu. Ukitaka harufu hiyo, tone moja la mafuta ya makonyo (vikonyo vya karafuu) ya Pemba ndani ya kijiko cha mafuta ya cherehani litatosha. Matupu usiyatumie: yanachoma ngozi, na hulainisha baadhi ya plastiki, pamoja na mpini wa wembe wako. Yaliyochanganywa nayo yaoshe kwa sabuni kabla ya kunyoa.

Jiwe likauke kivulini, limesimama kwa ubavu, si juani juu ya bati. La Ubelgiji lililogandishwa likipata joto, gundi huachia.